Tom Mboya na karatasi za wasio na wakili

Wazee wa Mombasa hawajawahi kuwa na kauli moja juu ya Tom Mboya. Aliyebeba magunia Kilindini miaka ya hamsini hulitaja jina hilo kwa heshima, na pengine atakuongezea kikombe cha kahawa ili umsikilize mpaka mwisho. Aliyekuwa na moyo wa Mwambao atakunja uso. Kwake yeye Mboya ni mmoja wa vijana wa KANU waliokwenda Lancaster House wakarudi na Kenya moja, na ukanda wetu wa maili kumi ukamezwa ndani yake. Mimi nilizaliwa zaidi ya miaka kumi baada ya Mboya kuuawa. Sina deni wala dai kwa upande wowote, na barazani huwa nakaa katikati ya hao wazee nikisikiliza.

Kilichonirudisha kwake ni safari zangu za kikazi za Homa Bay na Migori. Kaunti hizo mbili zamani zilikuwa wilaya moja, Nyanza Kusini, na kisiwa cha Rusinga, kwao Mboya, kiko Homa Bay, ng'ambo ya daraja la Mbita. Huko nimekutana na vijana wanaokusanya watoto siku za Jumamosi na kuwafundisha nyatiti, ile ala ya nyuzi nane, na orutu yenye uzi mmoja, na ngoma za ohangla. Baadhi ya watoto hao ni mayatima. Wengine wameacha shule wakaingia ziwani, au upande wa Migori kwenye mashimo ya dhahabu. Hukumu ya muziki katika dini yetu nawaachia masheikh, si kazi ya safu hii. Ninachojua ni kwamba mtoto anayeshika nyatiti saa nne za mchana, saa hizo hayumo shimoni.

Ala zipo, watoto wapo na mwalimu yupo, ila karatasi hakuna. Benki haiwafungulii akaunti bila hati ya usajili, kwa hivyo michango inaingia kwenye simu ya mtu mmoja. Shule iliyowapa chumba inataka mkataba. Mgeni mmoja aliwarekodi watoto wakiimba akaondoka na nyimbo, na hakuna aliyejua aulize nini wala amuulize nani. Kila moja ya shida hizi wakili mzuri anaimaliza kwa mchana mmoja. Lakini ada ya wakili kwa huo mchana mmoja ni zaidi ya wanachochangiwa kwa miezi kadhaa.

Nikaenda kuisoma Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, ile inayosema serikali imsaidie Mkenya asiye na uwezo wa kulipa wakili. Ni sheria nzuri. Lakini kifungu cha 36 kinasema wazi kwamba msaada huo si wa kampuni, wala amana, wala mashirika ya kiraia, wala yale yasiyo ya serikali. Mtu binafsi maskini anaingia, kikundi maskini kinabaki nje. Naelewa sababu yake: fedha ni chache, na aliyeko rumande hawezi kungoja wakati kikundi cha ngoma kinaandikiwa katiba. Hata hivyo ukweli ni huo, kwamba watoto kumi wakijikusanya na mwalimu wao kufanya jambo la kheri, haki aliyonayo kila mmoja wao peke yake wanaipoteza kwa kule kujikusanya.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mboya. Wengi wanamkumbuka kwa ulimi wake na suti zake. Mimi nimemsoma miaka mingi, na naona kazi yake kubwa ilikuwa kuwapatia karatasi watu ambao hawakuwa na wakili. Yeye mwenyewe hakuwa wakili wala hakusomea sheria.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930, na hakuzaliwa Rusinga. Alizaliwa kwenye shamba la mkonge karibu na Ol Donyo Sabuk, upande wa Thika, ambako baba yake Leonard Ndiege alikuwa mnyapara. Baba huyo hakuwa na elimu, mama vilevile, na mshahara ulikuwa wa kuhesabu senti. Alikulia miongoni mwa Wakamba na Wakikuyu, akazijua lugha zao pamoja na Kijaluo cha nyumbani na Kiswahili cha kambini. Nasisitiza jambo hili la lugha kwa sababu baadaye, kila alikoitwa kusema kwa niaba ya watu, hakuhitaji mkalimani wa kumweleza wanalia nini.

Alisoma kwa wamisheni wa Kikatoliki: Kabaa kule Ukambani, ambako watoto wa chini waliandika herufi mchangani kwa kidole, kisha Yala, kisha Mang'u. Mang'u aliishia njiani. Karo ilikosekana, na alikuwa na wadogo zake waliohitaji kusomeshwa. Badala ya kuendelea akaingia mafunzo ya bure ya ukaguzi wa afya, akamalizia Jeanes School, Kabete, na mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Akawa bwana afya.

Kuna kisa cha kazini ambacho alikieleza mwenyewe na ambacho kila mwandishi wa maisha yake hukirudia. Siku moja alikuwa peke yake katika maabara ya kupimia maziwa. Akaingia mama wa Kizungu na chupa ya maziwa, akatazama huku na huku, akauliza kama mle ndani kuna mtu. Mboya yuko mbele yake, amevaa koti jeupe la kazi. Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara nafikiria ofisi zetu za leo. Mwenye kikundi akisimama dirishani bila hati ya usajili, karani hutazama huku na huku vilevile.

Mshahara wa bwana afya Mwafrika ulikuwa mdogo mno kuliko wa Mzungu mwenye kazi ileile. Wafanyakazi Waafrika wa Baraza walikuwa na chama chao, zaidi cha chai na mazungumzo. Mboya akachaguliwa kukiongoza, na alichokifanya ndicho kinachonivutia mimi. Alikaa na vitabu vya sheria za vyama vya wafanyakazi, akaandika kanuni na orodha ya wanachama, akakibadilisha kikawa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, chenye cheti. Alikuwa na miaka 22. Tarehe 20 Oktoba 1952 Hali ya Hatari ikatangazwa. Mwaka uliofuata KAU ikapigwa marufuku, na vyama vya siasa vya Waafrika vikafungwa mdomo. Vilivyobaki na ruhusa ya kukutana na kuandika barua kwa serikali vilikuwa vyama vya wafanyakazi vilivyosajiliwa, na mwaka huo wa 1953 Mboya akawa katibu mkuu wa shirikisho lao.

Sisi watu wa Mombasa tuna sababu yetu ya kuelewa thamani ya cheti kile. Mwaka 1947 mji huu ulisimama. Makuli, watu wa reli, wapishi wa mahoteli na hata vijana wa nyumbani waligoma, na Chege Kibachia akawaongoza kwa shirikisho kubwa la wafanyakazi Waafrika. Lilikuwa na watu na hamasa, lakini halikuwa na kinga ya sheria. Serikali ilipochoka nalo ilimkamata Kibachia mwezi Agosti ikampeleka Baringo, akakaa uhamishoni miaka, na shirikisho likayeyuka kama chumvi.

Miaka minane baadaye, Machi 1955, makuli wa bandari waligoma tena. Nairobi ilikuwa chini ya bunduki, na huku Mombasa serikali ikaleta askari. Mboya akateremka pwani. Alikuwa na umri wa miaka 24, si mtu wa pwani, si kuli, na hakuwa na cheo chochote serikalini. Aliwashawishi wagomaji warudi kazini kwa sharti kwamba madai yao yasikizwe na baraza la usuluhishi, na lilipokaa alisimama upande wao. Waajiri walikuwa na watu wao wa sheria na mahesabu. Makuli walikuwa na bwana afya aliyeacha kazi, aliyekuja na bei za unga, kodi za vyumba na hesabu ya familia inavyokula kwa mwezi. Uamuzi uliowatokea ulikuwa nyongeza ya mshahara ya asilimia 33.

Hiyo ndiyo sababu ya kikombe cha pili cha kahawa niliyoitaja. Kuna familia za Majengo na Kisauni ambazo watoto wao walilipiwa karo kwa nyongeza ile. Mboya hakulipwa ada, kwa sababu makuli hawakuwa na ada ya kumlipa.

Baada ya Mombasa akapata nafasi ya mwaka mmoja Ruskin College, Oxford, akasomea uhusiano wa wafanyakazi na waajiri. Hiyo ndiyo elimu ya juu pekee aliyoipata darasani. Mwaka 1956 serikali ilitishia kulifutia usajili shirikisho lake kwa kosa la kuingia siasa. Viongozi wa wafanyakazi wa Uingereza wakamtuma mkubwa wao, Vincent Tewson, akaja Nairobi kusuluhisha, na shirikisho likaponea tundu la sindano kwa kukubali masharti. Nimewahi kumsikia msomi mmoja akilicheka jambo hili, kwamba mpigania uhuru alikubali masharti ya mkoloni ili abaki na cheti. Kicheko hicho ni cha mtu ambaye hajawahi kuongoza kikundi. Chama kikishafutwa, hata kodi ya ofisi unalipa kwa jina la nani?

Hapa lazima nimtaje mtu mwingine, maana bila yeye hadithi haikamiliki. Clement Argwings-Kodhek, mtoto wa Gem, alikuwa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili. Aliporudi kutoka Uingereza alipewa kazi serikalini kwa mshahara wa theluthi moja ya Mzungu mwenye sifa zilezile, akaikataa, akafungua ofisi yake. Ilikuwa miaka ya kutisha. Mtu aliweza kunyongwa kwa kukutwa na risasi mfukoni, na zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kabla ya Hali ya Hatari kwisha. Kodhek akawa wakili wa washitakiwa wa Mau Mau, wengi wao watu wasio na chochote, na wengi aliwatetea bila kuwadai. Wapo na mawakili Wahindi na Wagoa wa Nairobi waliofanya hivyo, akina A.R. Kapila na Fitz de Souza, na majina yao hayatajwi inavyostahili.

Lakini hata Kodhek, wakili, karatasi ilimsumbua. Mwaka 1955 alitaka kusajili chama cha siasa cha nchi nzima, serikali ikakataa. Ilikubali chama cha Nairobi peke yake, na jina akalibadilisha kulingana na amri. Basi mwaka 1957, Waafrika waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua wabunge wao, Nairobi ikawa na wagombea wawili wakuu, wakili wa wasio na uwezo na katibu wa wafanyakazi. Mboya alishinda kwa kura mia chache. Nikiwatazama wale wawili natamani wangekaa ofisi moja. Kodhek alimtoa mtu mmojammoja kwenye kamba. Mboya alivipa vyama uhai wa kisheria ili watu wasifike kwenye kamba. Siasa iliwaweka pande mbili, na wote wawili wakapungukiwa.

Mwaka 1958 zamu ya Mboya kusimama kizimbani ikafika. Yeye na wabunge wenzake Waafrika walitoa tamko kali dhidi ya Waafrika waliokubali viti maalumu vya katiba mpya, na serikali ikawashitaki. Alikuja kuwatetea D.N. Pritt, yule wakili wa London aliyemtetea Jomo Kenyatta na wenzake Kapenguria. Walitozwa faini ya pauni 75 kila mmoja wakaenda zao, na umaarufu wao ukaongezeka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo vijana wa Homa Bay wanalijua zaidi ya yote, ile safari ya ndege ya wanafunzi. Makerere ilikuwa na nafasi chache, Uingereza ilichukua wachache zaidi, na Kenya ilikuwa inakaribia kujitawala ikiwa na wasomi wa kuhesabika. Mboya alizunguka Marekani mwaka 1959 akihutubia vyuo, makanisa na vyama vya wafanyakazi, akarudi na ahadi za nafasi za masomo. Lakini ahadi ya chuo haimpandishi mtu ndege. Nauli ilikuwa kubwa kuliko mapato ya familia kwa miaka mingi. Mfanyabiashara mmoja wa New York, William Scheinman, aliyekuwa akiuza vipuri vya ndege, akashirikiana naye kuanzisha shirika la hisani la kuwasaidia wanafunzi wa Kiafrika.

Watu husimulia ndege na wanasahau shirika, na mimi shirika ndilo linalonivutia. Lilikuwa na bodi. Ndani yake alikuwemo Theodore Kheel, wakili na msuluhishi wa migogoro ya kazi aliyesifika New York nzima. Lilikuwa na anwani, vitabu vya hesabu na watu wa kuandika barua. Kwa hivyo Harry Belafonte, mwanamuziki ambaye nyimbo zake zilipigwa mpaka kwenye santuri za hapa Mombasa, alipotia saini barua ya kuomba michango pamoja na mwigizaji Sidney Poitier na mchezaji Jackie Robinson, mtoaji alijua fedha yake inaingia wapi. Maelfu ya Wamarekani wa kawaida walichanga. Jina la mwanamuziki liliwavuta watu, na kazi ya wakili ikawafanya waamini kwamba fedha haitapotea. Wale vijana wangu wa nyatiti jina wanaweza kulipata kwa sauti za watoto wenyewe. Hicho kingine hawana.

Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka na wanafunzi 81. Nyumbani, Mboya, Julius Kiano na Kariuki Njiiri waliwachagua, na vijiji viliandaa karamu za chai na madansi ili mtoto wao apate sweta na fedha ya mfukoni. Serikali ya kikoloni ilinung'unika kwamba vyuo vya Marekani ni hafifu. Mwaka uliofuata, Julai 1960, Mboya alikwenda kumwona Seneta John Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Mpaka 1963 karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki na nchi jirani walikuwa wamevushwa. Wangari Maathai aliondoka mwaka ule wa 1960 akasome Kansas, na mengine yake ulimwengu unayajua.

Si kila mtu alifurahi. Wapo waliosema Mboya anajijengea jeshi la wafuasi, na wapo waliosema anatumiwa na Wamarekani katika vita vyao na Urusi. Oginga Odinga naye aliwapeleka vijana Mashariki. Mimi naona lawama ya kwanza ina ukweli ndani yake. Mtu mmoja anapokuwa ndiye mlango wa kupata masomo, wasiomjua hubaki nje hata kama yeye hana nia mbaya. Ndiyo maana napenda shirika kuliko mtu, na nadhani Mboya mwenyewe, kwa yale aliyoyajenga, alilijua hilo kuliko waliomlaumu. Wafanyakazi wa Marekani walipotoa dola 35,000 kwa ajili ya wenzao wa Kenya, fedha ile ilijenga ofisi za shirikisho Nairobi, Solidarity House.

Nayataja ya uwaziri kwa haraka, kwa kuwa yameandikwa sana. Akiwa Waziri wa Kazi, mwaka 1962, aliwaketisha waajiri, serikali na vyama vya wafanyakazi wakatia saini mkataba wa uhusiano kazini. Mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria na Katiba. Hapo ndipo mzee wa Mwambao anapokunja uso, na ana hoja. Mboya hakuamini majimbo. Katiba ya majimbo ambayo Ronald Ngala na KADU waliipigania ilivunjwa mwaka 1964 nchi ilipofanywa jamhuri, na mikono ya Mboya ilikuwemo katika kazi ile. Kwa pwani, naamini, lilikuwa kosa, na gatuzi tulizopata mwaka 2013 ni sehemu tu ya kile kilichoondolewa. Lakini hata katika hasara ile kilichotubakia kilikuwa karatasi. Barua walizobadilishana Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte wa Zanzibar, tarehe 5 Oktoba 1963, ndizo zilizolinda mahakama za kadhi, na kila talaka na mirathi inayokwenda kwa kadhi leo inapita juu ya maandishi yale. Lau wazee wetu wangerudi na ahadi ya mdomo, tungekuwa na kipi cha kuonyesha?

Kodhek alifariki kwa ajali ya gari Nairobi tarehe 29 Januari 1969, akiwa waziri. Haikufika nusu mwaka. Jumamosi tarehe 5 Julai, saa saba hivi mchana, Mboya alitoka duka la dawa la Chhani katika Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue, akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji hayo akanyongwa, na nani alimtuma ni swali ambalo Kenya haijalijibu mpaka leo. Mwili ulisafirishwa kwenda Rusinga, na huko Kasawanga kaburi lake limejengewa jengo lenye umbo la risasi. Nyanza ilimlilia kwa nyatiti na kwa magitaa. Chuo kikuu cha Homa Bay sasa kina jina lake.

Kwa vikundi vya leo mambo yamebadilika kidogo. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa mwaka 2013, ilikaa kabatini zaidi ya miaka kumi ikaanza kutumika Mei 2024, na mashirika ya zamani yakatakiwa kujisajili upya. Ipo pia sheria ya mwaka 2022 ya kusajili vikundi vya jamii, ambayo ni nyepesi zaidi na inamalizwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Mtu akiniuliza mimi nisiye wakili, nitamwambia kikundi cha Jumamosi kianze na hii ya pili. Hata hivyo katiba inatakiwa, kumbukumbu za mkutano zinatakiwa, na lazima iandikwe mali itakwenda wapi kikundi kikivunjika. Hapo kwenye mali ndipo nimeona vikundi vya pwani vikigawanyika kwa matusi, vikundi vya kasida, vya taarab, hata vya kuzikana. Mababu zetu wa beni walikuwa na ukoo mzima wa vyeo, jemadari, karani na mtunza fedha, na mambo yao yakiandikwa daftarini. Sisi tuna kundi la WhatsApp.

Chama cha Mawakili huwa na wiki yake kila mwaka ambapo wanachama wanatoa ushauri bila malipo mahakamani na viwanjani. Nimepita kwenye meza zile hapa Mombasa. Foleni ni ya mashamba, talaka na watoto, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Meza moja tu, yenye wakili kijana mmoja na kompyuta, ikiwekwa kwa ajili ya vikundi vinavyofundisha watoto, itaandika katiba nyingi kwa siku tano. Ikiwekwa Homa Bay mjini na nyingine Migori, mwalimu wa nyatiti hatalazimika kulala Kisumu kumtafuta mtu wa kumsomea fomu. Mawakili wetu wa pwani wanaosoma safu hii wananijua. Nitawauliza mmojammoja.

Na kile kifungu cha 36 kinaweza kuguswa. Bunge ndilo lililokiandika. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni ili sheria ibadilishwe, na utaratibu wake uko katika sheria ya mwaka 2012: ombi linaweza kuandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili, kwa lugha ya heshima, likatiwa saini au alama ya kidole. Wakili hahitajiki.